Redio ya Mjomba na Bei Niliyoipunguza

Niliandika orodha ile mara kumi na moja. Najua hesabu yake kwa sababu nakala zote bado ninazo, na kwa sababu mimi ni mtu wa kuhesabu mambo ambayo hakuna aliyeniomba niyahesabu. Ilikuwa orodha ya vifaa vya kufunga redio ya kaseti kwenye gari la mjomba wangu: redio yenyewe, spika nne, waya, fyuzi, swichi, skrubu, na bei ya kila kimoja kwa faranga. Nilikuwa na miaka ishirini. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru wetu. Mimi niliishi Mutsamudu, na mjomba alikuwa kisiwa kingine, Ngazija, katika mji wa Ikoni ulio jirani na Moroni.

Mama na mjomba walizaliwa Unguja, kwa wazazi waliotoka Ngazija, na waliporudishwa visiwani, mjomba akiwa na miaka saba, walirudi na Kiswahili chao. Mama aliolewa Mutsamudu, mjomba akabaki Ikoni kwenye nyumba ya ukoo. Nje tulisema Kinzuani, lugha ya kisiwa chetu, kama watu wote, lakini ndani ya nyumba yetu ya mtaa wa Hombo mama alitugombeza kwa Kiswahili. Barua za mjomba nazo zilikuja kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na mama alizisoma kwa sauti huku akicheka mahali ambapo mimi sikuona cha kuchekesha.

Barua iliyoleta habari za redio ilikuwa fupi. Mjomba alikuwa na Peugeot 404 iliyobeba abiria kati ya Ikoni na Moroni. Alisema anataka redio ya kaseti ndani yake, yenye nguvu, isikike hata na mtu aliye nje ya gari, na kwamba amesikia mwana wa dada yake amekuwa fundi. Alinitaka nifanye mpango wote mimi, ninunue vifaa Mutsamudu, kisha nije nivifunge. Mwisho aliandika: usiogope bei.

Hapa nina mambo mawili ya kukiri. La kwanza, sikuwa fundi kwa maana ambayo watu wanaifahamu. Sikuwahi kukaa chini ya fundi yeyote. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa cha umeme wa redio, kilichookotwa kwenye nyumba ya mwalimu mmoja Mfaransa aliyeondoka na wenzake baada ya uhuru, na kurasa zake thelathini za mwanzo zilikuwa zimechanwa. Kwa hiyo elimu yangu niliianzia katikati, kama mtu aliyeingia msikitini wenzake wakiwa rakaa ya tatu, na mpaka leo nina hofu kwamba ipo siri kubwa katika zile kurasa thelathini ambayo kila fundi anaijua isipokuwa mimi. Niliwahi kuunguza redio ya jirani yetu. Nilimwambia ilikuwa imekufa kabla haijafika kwangu.

La pili, nilimjibu mjomba kwamba redio za gari nimeshazifunga mara kadhaa. Sikuwa nimefunga hata moja.

Mtu mwenye uongo kifuani hufanya kazi kwa bidii kuliko mkweli. Muuguzi mmoja wa hospitali ya Hombo alikuwa na 404, na nilimwomba ruhusa niipime wakati yeye yuko kazini. Nilikwenda na utepe wa ushoni wa mama. Nilipima dashibodi kwa upana na kina. Nilipima njia ya waya kutoka kwenye betri hadi kwenye usukani, kutoka kwenye usukani hadi kwenye milango, na kutoka milangoni hadi kwenye ule ubao ulio nyuma ya kiti cha abiria, chini ya kioo cha nyuma. Pale ndipo nilipopapendelea. Spika mbili kubwa zikikaa pale, kwa mujibu wa kitabu changu, gari zima lingekuwa kama kasha la spika. Nilichora kila kitu. Siku ya tatu muuguzi alitoka zamu akanikuta nimelala ndani ya buti, miguu nje, utepe mdomoni.

“Mwanangu,” akasema, “unalishonea gari langu kanzu?”

Nilicheka naye, lakini siku iliyofuata nilirudi kupima tena, kwa sababu vipimo viwili vilipishana kwa nusu sentimita.

Kisha nikaingia kwenye bajeti. Orodha ya kwanza, ya vitu vipya vya kuagiza kwa mfanyabiashara wa mjini, ilifika faranga elfu sitini. Niliitazama jumla ile nikaona aibu, kana kwamba mimi ndiye nitakayezila fedha hizo. Lile neno la mjomba, usiogope bei, nililichukua kama adabu ya mkubwa tu. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba dereva wa teksi hana elfu sitini za kuchezea, na kwamba fundi hodari hupimwa kwa kile alichokiokoa. Nikaanza kupunguza.

Karibu na bandari ya Mutsamudu palikuwa na mfanyabiashara aliyenunua vitu vilivyoachwa na Wafaransa waliorejea kwao: majokofu, mashine za kuandikia, viti vya bustani. Kwenye rafu yake ya chini nilikuta redio ya kaseti iliyofunguliwa kwenye gari la mmoja wao. Ilikuwa bubu. Nilikwenda kuiangalia mara nne nikijifanya nimefuata vitu vingine, na mara ya nne mwenye duka akaniambia kwamba nikiendelea kuitazama hivyo itabidi tuitwe kwa kadhi. Nikaichukua kwa chini ya nusu ya bei ya redio mpya. Majuma matatu niliishi nayo. Nilibadilisha mkanda wake wa mpira, nikalehemu upya sehemu zilizoachia, nikasafisha kichwa cha kusomea kanda kwa pamba na spiriti mpaka kikang'aa. Spika mbili nilizitoa kwenye santuri kubwa iliyokufa, mbili nikanunua mpya. Kila faranga niliyoiondoa niliiandika pembeni kwa kalamu nyekundu.

Mama alinitazama siku moja nikikata bei ya swichi, akaniuliza kwa nini namhurumia kaka yake kwa jambo ambalo hakuomba huruma. Niliendelea kukata. Nilidhani mambo ya bajeti hayajui.

Nakala ya kumi na moja ilisema elfu ishirini na saba. Niliinakili kwa wino mweusi, mistari kwa rula, na nilipoimaliza nilihisi raha ambayo sijui nimwambie nani bila kuonekana mwendawazimu.

Meli iliyonipeleka Ngazija ilitia nanga nje, kama kawaida ya Moroni, na abiria tukashushwa kwa mashua hadi bandari ya zamani. Redio niliipakata imefungwa kwa plastiki na kanga mbili za mama, na njia nzima sikuitazama bahari. Mjomba alikuwa akinisubiri juu ya ngazi. Alikuwa mtu wa karibu miaka hamsini, mfupi, mwenye mabega ya mchukuzi na sauti ndogo isiyolingana na mabega yale. Alinikumbatia, akaniuliza hali ya mama, akanichukulia sanduku, na tukaenda hadi lilipo gari.

Ilikuwa 404 kweli. Lakini haikuwa 404 ya muuguzi wa Hombo. Mbele palikuwa na kiti cha dereva na mwenzake, halafu kioo kidogo, na pakaishia hapo. Nyuma ya hapo lilikuwa gari la mizigo lenye mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana, vyuma vilivyopinda juu yake, na turubai. Huko Ngazija gari la abiria ndilo hilo, na mtu akisema ana 404 ya teksi hakuna anayehitaji kuuliza ni ipi. Mimi nilikuwa na michoro kumi na minne ya ubao ulio chini ya kioo cha nyuma, na gari hili halikuwa na ubao wala kioo cha nyuma wala nyuma yenyewe.

Nilisimama. Mjomba akadhani safari imenichosha. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba mambo ni sawa, na badala yake likatoka lile nililokuwa nimelibeba kwa miezi miwili.

“Mjomba, mimi sijawahi kufunga redio kwenye gari. Hata moja. Nilikudanganya.”

Alipakia sanduku langu ndani ya gari.

“Na mimi sijawahi kuoa kwa ada,” akasema. “Ingia, twende.”

Sikuelewa jibu lile, na kwa kuwa niliona sijafukuzwa, sikuuliza.

Kwa siku nne nilifanya kazi kwenye ua wa nyumba ya mkewe Ikoni. Mwanamke yule alikuwa naye kwa miaka kumi na tisa na watoto watano, na nyumba ilikuwa yake, kama desturi ya huko. Aliniletea chai kila nilipotoka chini ya gari, na mara mbili aliniletea nikiwa bado chini ya gari. Kwa kuwa mahali pa spika za nyuma hapakuwapo, tulikwenda kwa seremala wa Moroni akatutengenezea makasha manne ya mbao nyembamba, na tukayatundika kwenye vile vyuma vya turubai, mawili kila upande, juu ya vichwa vya abiria. Makasha yalikula elfu tatu. Jumla ikawa elfu thelathini, na mimi nililala vibaya kwa ajili ya elfu tatu zile.

Redio ilipowashwa mara ya kwanza iliimba, lakini injini ilipoguruma ukaja mluzi ndani ya wimbo, ukipanda na kushuka kwa mguu wa dereva. Mjomba alisema hausikiki. Mimi niliusikia hata gari lilipozimwa. Nilifumua waya wote, nikaupitisha upande wa pili, mbali na ule wa dainamo, nikaufunga waya wa hasi kwenye chuma kilichosuguliwa rangi yote, nikaongeza kapasita moja ya kuchuja umeme. Mluzi ukafa. Mke wa mjomba alisimama mlangoni na sinia, akasikiliza taarab kwa utulivu, akasema wacha kwanza, asiondoke mtu, akaingia ndani kuwaita dada zake.

Siku ya nne mchana, baada ya kula, nilimkabidhi mjomba karatasi yangu. Nilikuwa nimeingojea saa hiyo kuliko saa ya redio kuimba. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini. Kisha akarudi juu akaisoma tena. Uso wake haukufanya nilichotarajia.

“Thelathini,” akasema. “Mimi niliweka sitini.”

Nikamweleza kwa fahari jinsi nilivyopunguza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia yale ambayo hakuweza kuyaandika kwenye barua, kwa kuwa siku zile hakuna aliyejua barua inapitia mikono ya nani.

Katika miji ya Ngazija mwanamume anaweza kuwa na mke, watoto, mvi na gari, na bado akaitwa mtoto wa mji. Mtu mzima ni yule aliyeoa kwa ada: aliyelisha mji wake, akatoa dhahabu, akaandalia rika lake taarab, yote kwa kipimo ambacho wenzake walitoa kabla yake. Kabla ya hapo hana neno kwenye baraza la wanaume. Hukaa nyuma, husikiliza, hutumwa maji. Rika la mjomba, wale aliosoma nao chuoni Kurani, wote walikuwa wameitimiza ada yao enzi za Wafaransa. Yeye alibaki wa mwisho. Aliweka akiba kwa miaka kumi na tisa amwoe kwa ada mke wake yule yule, na akiba ilipotimia, serikali mpya ikapiga marufuku harusi kubwa. Vijana wa kamati wakapewa kazi ya kuangalia nani anachinja ng'ombe wangapi.

Mjomba alikuwa ameifanya kimyakimya. Nyama ilipelekwa nyumba kwa nyumba kwa sufuria zilizofunikwa, mpaka mji wote ukala bila mtu yeyote kuona karamu. Dhahabu ilipitishwa ndani ya kikapu cha ndizi. Lililobaki lilikuwa taarab, na wapigaji kumi na fidla na udi hawafichiki kwenye kikapu. Ndipo alipofikiria redio. Wenzake watano, watu wazima, walikubali kuja kuisikiliza na kuamua kama inaweza kuhesabiwa taarab. Na jambo la kwanza ambalo wangeuliza, kama walivyoulizwa wao, ni imemgharimu kiasi gani.

“Umenihurumia mahali pabaya, mwanangu,” akasema. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Nilichukua kalamu. Nilimwambia nitaandika orodha ya kumi na mbili, ile ya elfu sitini, na bei zake zote ninazo kichwani. Nilikuwa nimeshachora mstari wa juu alipoweka kiganja chake kikubwa juu ya karatasi. Akasema watu wale walikaa naye kwenye mkeka mmoja tangu ana miaka saba, na wanajua anadanganya kabla hajafungua mdomo. Nikafunika kalamu. Sijawahi kujichukia kwa usafi wa kazi yangu kama nilivyojichukia mchana ule.

Walikuja baada ya sala ya alasiri, mmoja mmoja, kama abiria. Kukutana barazani kuzungumza mambo ya ada kulikuwa hatari, lakini wazee watano ndani ya teksi inayokwenda Moroni hawakuwa mkutano. Mjomba alikuwa ameniagiza nikae nao nyuma niangalie makasha. Nikawasalimu kwa kwezi, salamu ya visiwani ya kumheshimu mkubwa, kila mmoja yake, nao wakaitikia “mbona”, kama jibu lake lilivyo, kisha wakaketi kwenye mabenchi mawili, magoti yakigusana. Wawili ninawakumbuka vizuri: mwalimu wa chuo cha Kurani, mrefu mkavu, na muuza vitambaa mnene ambaye alitandaza leso kwenye benchi kabla ya kukaa.

Tulipotoka Ikoni walikuwa wakibishana juu ya birika la maji la msikiti, lililopasuka: lizibwe au lijengwe jipya. Huko mito hakuna, watu huishi kwa maji ya mvua, kwa hiyo mabishano yalikuwa makali, na mimi nilishukuru kwamba hawakunitazama. Kisha mjomba akatia kanda.

Ilikuwa kanda iliyorekodiwa miaka sita nyuma, kwenye taarab ya harusi ya muuza vitambaa. Mjomba aliitunza muda wote ule. Fidla ilianza juu ya vichwa vyetu, upande wa kulia, udi ukajibu kushoto, na turubai likaanza kutetemeka kidogo. Wazee wakaliacha birika. Kwenye njia panda vijana wawili wa kamati walitazama tukipita, na mmoja wao alikuwa akitikisa kichwa kufuata ngoma.

“Taarab ina watu,” muuza vitambaa akasema baada ya wimbo wa kwanza. “Hii ina mbao.”

“Na yako nusu ya wapigaji walikuwa wamesinzia,” mwalimu akasema. “Sikiliza. Huyo anayekohoa ni wewe.”

“Mimi sikohoi hivyo.”

“Unakohoa hivyo tangu chuoni.”

Wote wakainamisha masikio kwenye kasha lililokuwa karibu. Ndani ya kanda watu walicheka, mtu akaita jina la mtu, kikombe kikaanguka. Wakaanza kubishana kicheko kile ni cha nani. Muuza vitambaa alisikiliza mpaka upande ule wa kanda ukaisha, na alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. Alisema kwa upande wake ameisikia taarab, hawezi kusema hakuisikia. Lakini taarab ya mwanamume ina gharama yake. Akanigeukia aniulize mimi, kwa kuwa karatasi ilikuwa mkononi mwangu.

Nilisoma. Redio. Spika mpya mbili. Spika kuukuu mbili. Waya, mita ishirini na mbili. Nilisoma mpaka bei ya skrubu, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusoma. Nilipofika chini nilisema elfu thelathini, na gari likapita kwenye shimo.

“Wapigaji wangu peke yao walikula hamsini,” muuza vitambaa akasema. Hakusema kwa kiburi. Alikuwa na huzuni nalo.

Kupitia kioo kidogo niliona shingo ya mjomba. Nadhani alijua tumefika kwenye jumla. Alikuwa akiendesha polepole sana.

Mwalimu akanyoosha mkono nikampa karatasi. Aliisoma juu hadi chini, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

“Fundi yuko wapi?”

“Ni mimi, baba.”

“Wewe nakuona. Kwenye karatasi sikuoni.”

Nikamwambia ni mjomba wangu, nisingeweza kumtoza. Lakini huo haukuwa ukweli wote, na nauandika hapa kwa kuwa pale sikuweza kuusema. Ukweli ni kwamba wazo hilo halikunijia kabisa. Nilikuwa nimeandika orodha mara kumi na moja, nikaweka bei ya spiriti na pamba, nikaweka nauli ya kwenda bandarini, na wala mara moja sikufikiri kwamba mimi ni kitu cha kuandikwa.

“Umefanya kazi siku ngapi?”

Hilo nililijua. Thelathini na nne, ukihesabu kupima.

Mwalimu akawageukia wenzake. Akasema mpiga udi hulipwa, mpiga fidla hulipwa, hata anayebeba ngoma hulipwa, na huyu amepiga siku thelathini na nne. Wakaanza kupatana bei ya siku yangu mbele yangu kana kwamba sipo. Mmoja alisema mia tano. Muuza vitambaa, ambaye maisha yake yote nadhani hakuwahi kupandisha bei kwa faida ya mtu mwingine, alisema fundi wa mia tano ni wa kuziba baiskeli, na akasimama kwenye mia nane hadi wenzake wakachoka. Mwalimu akapiga hesabu kwa vidole. Jumla yote, pamoja nami, ikawa elfu hamsini na saba na mia mbili, juu ya zile hamsini za wapigaji wa muuza vitambaa.

Nilisema siwezi kuzipokea. Nilisema mjomba amenilisha, amenipokea, na mimi nilimdanganya tangu mwanzo. Maneno yalitoka yakikanyagana.

“Nyamaza, mwanangu,” mwalimu akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia kwa upole. “Ukisamehe wewe, yeye atabaki mtoto wa mji mpaka afe.”

Akagonga kioo. Mjomba akaegesha kando ya barabara, kwenye mawe meusi ya volkano, akashuka akaja nyuma kusikiliza amehukumiwa nini. Akaelezwa. Alitoa bahasha kifuani, na nikaona kwamba zile elfu thelathini nilizomwokolea alikuwa anatembea nazo, kwa kukosa mahali pa kuzipeleka. Alinihesabia mbele yao, noti kwa noti, mkononi mwangu. Nilizishika bila kuzihesabu. Mwalimu akasoma fatiha, tukaitikia amina, na mjomba akarudi kwenye usukani, akawasha gari, akageuza kanda upande wa pili, tukaendelea na safari kama teksi yoyote.

Nilikaa na noti zangu kwenye magoti nikijaribu kujua ninahisi nini. Sasa nina miaka ishirini na minne, utawala ule umepita, harusi kubwa zimerudi na wapigaji wake, na bado sijui jina la kilichonipata pale. Labda ni ile hali ya mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemjua.

Wazee walikuwa wamerudi kwenye birika lao. Wawili walitaka lizibwe, wawili walitaka jipya, na muuza vitambaa alisema ndiyo kwa kila upande. Walifika mahali ambapo hakuna aliyemsikiliza mwenzake, na hapo mwalimu akagonga kioo tena. Mjomba akageuza kichwa kwa wasiwasi, akidhani wamebadilisha hukumu.

“Birika,” mwalimu akapaza sauti. “Wewe unasemaje?”

Gari lilisogea mbele kidogo. Halafu likasimama, karibu katikati ya barabara. Mjomba alinyoosha mkono kwenye dashibodi akaizima redio yangu. Akajigeuza kwenye kiti mpaka uso wake ukawa kwenye kile kioo kidogo, akakisukuma kikafunguka, na kwa sauti ile ndogo akasema kwamba yeye analiona birika lile kila asubuhi anapopita, na ufa haukuanzia ukutani, umeanzia chini, kwa hiyo kuziba ni kupoteza saruji. Lijengwe jipya. Alisema hayo tu, na mikono yake ilikuwa imeshika kingo za kioo.

“Hapana,” muuza vitambaa akasema. “Hapo umekosea.”

Akaanza kumweleza alivyokosea, kwa urefu, kwa dharau, akitaja mabirika ya miji mitatu. Nilimwonea mjomba uchungu, nikataka kumtetea. Kisha nikaona uso wake. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumpinga, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Alimwacha muuza vitambaa amalize mji wa kwanza na wa pili. Kabla ya mji wa tatu alifungua mlango, akashuka, akazunguka gari, akapanda nyuma kwetu, akainama chini ya turubai kutafuta pa kukaa, huku akisema, “Wewe chini ya birika umepaona lini?”

Injini ilikuwa bado inanguruma na petroli ikiungua bure. Niliziweka noti mfukoni, nikasogea hadi mwisho wa benchi ili apate nafasi.